Kurasa Ishirini na Mbili za Mwisho

Machi 3, Jumanne

Mvua ya kwanza imeanza saa nne asubuhi na imenikuta nimeshatandaza. Vitabu kumi na kimoja vimelowa, pamoja na daftari hili, ambalo lina kurasa 96 na sasa limejikunja pembeni kama jani la kabichi. Haliuziki. Kwangu kitu kisichouzika hakitupwi, kinapewa kazi. Kazi ya daftari hili itakuwa kunisikiliza, maana baba watoto amesema masikio yake yamefika kikomo.

Niyaandike mambo yalivyo, asije mtu kesho akasema nimezua. Nauza vitabu vilivyotumika. Huu ni mwaka wa tisa niko kwenye baraza hii, mbele ya studio ya picha iliyofungwa. Kabla ya hapo nilikuwa nanunua karatasi kuukuu kwa kilo na kuwapelekea wenye maduka za kufungia karanga na misumari. Siku moja watu watatu waliokuwa wakisubiri mizani waligombania kitabu kutoka kwenye gunia langu, wakakaribia kushikana mashati. Nikajiuliza ni vingapi nimeshavichana. Sikutaka kupiga hesabu hiyo, na mimi si mtu wa kukimbia hesabu. Tangu siku ile nauza vitabu. Sikushikwa mkono na mtu. Meza yangu ya kwanza ilikuwa mlango.

Upande wa pili wa baraza, hatua kumi na nne kutoka kwangu, yuko Mwalimu. Alistaafu, akaja hapa mwaka juzi na meza yake, upara unaong'aa hata siku ya mawingu, na ndevu nyeupe anazozitunza kama mtoto wa mwisho. Vitabu vyake amevisoma vyote. Mteja akigusa kimoja anapewa hotuba. Wiki yake ya kwanza hapa alimwambia mteja, nami nasikia: "Yule mama ni muuza karatasi." Naliandika lisipotee, ingawa kichwani mwangu halijapotea hata siku moja.

Machi 4

Mvua. Nimeuza vitatu. Mwalimu kimoja, na hotuba mbili za bure.

Machi 6, Ijumaa

Leo kuna la kuandika. Mwenye jengo anaishi ghorofani, juu ya vichwa vyetu. Sote tunamwita Bi Mkubwa. Mguu wake umegoma ngazi tangu mwaka jana, kwa hiyo mahitaji yake yote hupanda kwa kikapu anachokishusha dirishani kwa kamba. Asubuhi kikapu kimeshuka na kikaratasi: njooni wote wawili.

Tumepanda, mimi mbele, Mwalimu nyuma akihema. Tulikuwa tumemwomba studio ile ifunguliwe, kila mmoja kwa siri yake, kila mmoja akidhani mwenzake hajui. Mvua za mwaka jana zilinilia vitabu mia moja na arobaini. Mwaka huu vikienda tena mia na arobaini, narudi kwenye mizani na magunia. Si kitisho, ni hesabu.

Bi Mkubwa hakutuzungusha. "Chumba ni kimoja, nyie wawili, na mimi mvua hizi sina pa kwenda. Kila Ijumaa kila mmoja ataniwekea kitabu kikapuni. Atakayenipa kitabu cha kunisahaulisha birika jikoni mpaka liungue, ufunguo wake."

Mwalimu ametabasamu kama mtu aliyepewa mtihani alioutunga mwenyewe.

Machi 7

Daftari, nikwambie siri. Mimi vitabu sivisomi. Kusoma najua, darasa la saba nilikuwa wa tano kati ya watu hamsini na watatu. Lakini saa ya kusoma ni saa ya kuuza. Ninachosoma ni ubavu.

Funga kitabu, kitazame ubavuni, zilipo kingo za kurasa. Vidole vya watu huacha weusi. Weusi ukikoma robo ya kitabu, basi robo ndipo watu walipochoka, hata mwandishi awe na nishani kifua kizima. Weusi ukienda sawasawa mpaka ukurasa wa mwisho, hicho mpe mteja ukiwa umefumba macho. Kwa miaka tisa nimewachagulia watu vitabu hivi, na wanarudi. Muuguzi wa hospitali ya hapo juu anakuja kila Alhamisi kuuliza, "Dada, kipi kichafu leo?"

Vitabu vya Mwalimu vyote ni visafi ubavuni. Sisemi kitu.

Machi 13, Ijumaa

Vitabu vya kwanza vimepanda. Cha Mwalimu kina kurasa 611, kamba ya kikapu imelia. Changu nimekipima kwa weusi tu.

Machi 16

Vimeshuka vyote viwili. Cha Mwalimu kimerudi na uzi wa kufumia ukurasa wa 12. Changu kimerudi na kikaratasi: "Mwanangu, hiki ni cha kutengeneza pikipiki."

Ni kweli. Weusi ule ulikuwa wa grisi. Mwalimu amecheka mpaka ameshika nguzo.

Machi 20, Ijumaa

Sasa nimekuwa makini. Nimepanga kumi na viwili mezani, nimevipima kwa jicho, nimenusa kuhakikisha hakuna grisi. Kimebaki kimoja: Glasi ya Saba. Weusi tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, sawasawa kama rangi. Jalada la nyuma halipo, nimeweka karatasi ngumu ya manila na gundi kama nifanyavyo kwa vyote. Kimepanda saa tano.

Machi 21

Mvua. Baraza imeingia maji kwenye kona ya Mwalimu. Nimemwona akiinua maboksi peke yake. Nilitaka kwenda, nikakumbuka ile "muuza karatasi", nikakaa. Baadaye nimekwenda. Tumeinua saba. Hakusema asante, amesema, "Hilo shika chini."

Machi 23, Jumatatu

Kikapu kimeshuka saa mbili asubuhi. Ndani mna birika, jeusi, tako limetoboka.

Nimeliinua juu Mwalimu alione. Nimelizungusha. Kama ningekuwa na kengele ningepiga.

Chini ya birika kulikuwa na kitabu, na chini ya kitabu kikaratasi: "Kurasa za mwisho ziko wapi?"

Nimekifungua nimesimama. Ukurasa wa 188, halafu manila yangu. Sentensi yenyewe imekatika katikati: mpelelezi amewakusanya wageni wote saba wa harusi, anainua glasi, anasema, "Aliyetia sumu ni". Basi.

Nimebandua manila nikaona mkato. Ulikuwa umenyooka, wa kisu na rula, sentimita moja kutoka kwenye mshono. Daftari, mkato ule naujua kama mwandiko wangu. Zamani nilikuwa nakata vitabu kuanzia nyuma, kwa sababu nyuma gundi huachia upesi. Nikikata kadiri zinavyotakiwa siku hiyo, kinachobaki narudisha kwenye gunia. Kitabu hiki kimelala kwangu miaka yote hii kikiwa kimepungua, na mimi ndiye niliyekipunguza. Weusi ulifika ukurasa wa mwisho kwa sababu ukurasa wa mwisho niliuchagua mimi. Mahali fulani mtu alikula karanga juu ya jina la muuaji.

Bi Mkubwa ameita kutoka dirishani, sauti imefika mpaka ng'ambo ya barabara. Amesema hajalala vizuri. Amesema kitabu nusu hakinunui chumba kizima. Atakayemletea mwisho wa kitabu hiki, awe yeyote, achukue ufunguo.

Hapo Mwalimu amejikohoza. "Hicho nimekisoma," amesema.

Nimeliweka birika chini.

"Basi sema," Bi Mkubwa amesema.

Mwalimu ametazama juu, mvua inampiga upara, akajibu taratibu: "Mwisho wa kitabu hausimuliwi, Bi Mkubwa. Anayeusimulia anamwibia msomaji."

Bi Mkubwa amefunga dirisha kwa kishindo.

Machi 24

Nimelala nikimfikiria Mwalimu. Ana chumba mdomoni, hakifungui. Mimi ningesema kabla hajamaliza kuuliza. Siwezi kusema nampenda. Ila leo nimemwekea boksi lake moja juu ya tofali langu.

Machi 25 hadi Aprili 1

Nimeandika kwa mkupuo maana sikuwa na nafasi. Natafuta Glasi ya Saba nzima. Mpango: sehemu nane, siku nane, asubuhi kabla sijatandaza. Nimeuliza kila mteja, "Wewe vitabu vyako vingine unanunua wapi?" Swali hilo kwa muuza vitabu ni kama kumuuliza mume jina la mwanamke mwingine. Lakini wamejibu, tena kwa furaha isiyo na haya.

Niweke ripoti. Duka kubwa la vioo: kila kitabu kimefungwa nailoni, ubavu hauonekani, kijana anakufuata nyuma kama umeiba. Sipashauri. Mzee wa turubai stendi: anapanga vitabu kwa rangi ya jalada, eti inapendeza. Nilidhani ni upuuzi, mpaka mtu akaja akasema anatafuta "kile cha bluu cha mama aliyehama" na mzee akakitoa bila kugeuka. Huyo namheshimu. Mama wa toroli karibu na mahakama: anauza kwa watu wanaosubiri kesi, kwa hiyo ana vinene tu. "Vyembamba vinaisha kabla hakimu hajaingia," ameniambia. Amenishauri kimoja cha mkulima na kisima chake, akanisimulia mpaka nikakinunua. Mimi, nimenunua kitabu kwa sababu ya hadithi. Nimekificha chini ya meza.

Sehemu nane, mitaa kumi na mitano, viatu jozi moja. Glasi ya Saba hakuna. Wanne waliijua, wawili waliwahi kuwa nayo, na mmoja aliniambia muuaji ni mpishi. Nimefurahi dakika nzima, halafu nikakumbuka kwamba mpishi alikufa ukurasa wa 90. Bi Mkubwa amenisimulia hadithi yote kutoka dirishani mara tatu, kipande kwa kipande, kamba ya kikapu mkononi kama anavua samaki.

Aprili 2, Alhamisi

Mvua kubwa kuliko zote. Barabara imekuwa mto na hakuna mteja. Maji yametusukuma wote wawili mpaka mlangoni pa studio, migongo kwenye kufuli, vitabu vimerundikwa mbele yetu chini ya nailoni moja. Nailoni ilikuwa yangu. Tumekaa hivyo saa mbili na robo.

Nikamwambia: Mwalimu, mimi nimeshindwa. Wewe sema tu, uchukue chumba. Msimamo wako nimeuona, nimeuheshimu, sasa tunazama.

Amekamua ndevu, maji yakamwagika kama kwenye kitambaa.

"Simkumbuki," amesema.

"Nani?"

"Muuaji. Nilikisoma miaka thelathini na moja iliyopita. Nakumbuka harusi, nakumbuka glasi zimepangwa. Nakumbuka nilisimama katikati ya chumba nikasema 'hapana' kwa sauti. Kwa nani, simkumbuki." Halafu akaongeza, kwa hasira kidogo, kwamba lile la msimamo ni kweli vilevile. Hata angekumbuka asingesema. Ila asingekosa usingizi namna hii.

Nimecheka. Nimejaribu kujizuia, mbavu zikakataa. Kucheka kumeambukiza, naye ameanza, nailoni imeteleza na maji yamenimwagikia shingoni.

Kwa kuwa yeye ameshaivua siri yake, nami nimevua yangu. Nimemwambia habari ya kisu na rula. Nimesema, kwa hiyo ulikuwa sahihi, mimi ni muuza karatasi.

Hakukumbuka kama aliwahi kulisema neno hilo. Miaka miwili nimelilisha na kulinywesha, mwenyewe alishalisahau kama muuaji wake. Amenitazama, akasema, "Vitabu vyangu mimi ni visafi kwa sababu havisomwi, mama. Ubavu wa vyako nimekuwa nikiutazama kwa wivu."

Aprili 3, Ijumaa

Muuguzi hakuja jana kwa sababu ya mafuriko, amekuja leo. Nimemwambia habari yote. Amesikiliza, halafu akasema jambo lililonifanya niweke chini kitabu nilichokishika.

"Kaka yangu ananyolewa mara tatu kwa wiki. Nywele zenyewe hana. Nilimuuliza kuna nini kwa huyo kinyozi, akasema kuna harusi na sumu."

Aprili 4

Kinyozi yuko nyuma ya hospitali, viti viwili, kioo kimoja, benchi la watu wanane lililokaliwa na kumi na mmoja. Na juu ya rafu, kati ya kopo la poda na chupa ya spiriti, Glasi ya Saba, nzima, jalada mbele na nyuma.

Kila siku anasoma kurasa tatu kwa sauti, kisha anarudi kwenye mashine. Anayetaka kuendelea arudi kesho. Nimemwambia nakinunua. Amesema, "Shangazi, hicho ndicho kinachonyoa. Mimi nashika mashine tu." Nikaomba kupiga picha kurasa za mwisho. Amekataa katakata: picha ikitoka humo, kabla ya adhuhuri mtaa mzima unamjua muuaji, na benchi lote litaondoka na nywele zao.

Tumebishana kama wafanyabiashara. Mwisho amekubali hivi: nije siku tatu, nikae kona, uso ukutani, nizinakili kwa mkono. Nisicheke, nisishtuke, nisigune. Nikiguna, biashara imekwisha.

Aprili 6

Kurasa tisa. Vidole vimekufa ganzi. Nakili tu, nimejiambia, usisome. Mstari wa kwanza tu umeniponyoka machoni: taa zimezimika kabla mpelelezi hajataja jina.

Aprili 7

Kurasa nane. Nimesoma.

Aprili 8, Jumatano

Zilibaki tano. Niliandika moja. Kwenye ya pili kalamu ilisimama na macho yakaendelea yenyewe, mbele, mpaka chini, mpaka nyuma ya karatasi. Nimeliona jina. Nimeziba mdomo kwa kiganja, nikauma kidole gumba mpaka alama bado ipo. Nyuma yangu watu kumi na mmoja wamenyamaza ghafla. Kinyozi amezima mashine.

"Shangazi, vipi?"

Nimesema kwikwi, nikainama nikamalizia kurasa zilizobaki.

Nimetoka hapo nikatembea bila kufungua mwavuli. Miaka tisa, daftari. Vitabu vingapi vimepita mikononi mwangu, nami nikivitazama mbavu kama mnunuzi wa ng'ombe.

Aprili 9, Alhamisi

Kurasa 22 zimepanda kikapuni, zimeshonwa kwa uzi, mwandiko wa la saba, wa tano kati ya hamsini na watatu. Kwa muda wa saa mbili hakuna sauti juu. Halafu tumemsikia Bi Mkubwa akisema "hapana" kwa nguvu, kikombe kimeanguka, na Mwalimu amefumba macho kama anasikia wimbo wa ujana wake.

Tumeitwa juu. Ameuliza kurasa zilikatwa na nani. Nimesema mimi, kwa kisu, zamani, za karanga. Hilo nilijua linaweza kunigharimu chumba, lakini siwezi kuanza duka juu ya mkato uleule. Halafu akamgeukia Mwalimu: wewe uliyejua, umeniacha siku kumi na saba bila usingizi, kwa nini?

Mwalimu amenitazama. Nilikuwa na neno tayari mdomoni, moja tu, "amesahau", nalo lingelipa yote.

"Mwalimu ana msimamo wake," nimesema. "Mwisho hausimuliwi."

Bi Mkubwa ametutazama kwa zamu, ametikisa kichwa, ameutoa ufunguo kwenye kamba ya kikapu. Amesema karanga hizo alizila yeye pengine, nichukue kabla hajabadili nia.

Aprili 13

Chumba kina mita nne na nusu kwa tatu. Baba watoto ni seremala, amekuja na futi yake, amesema rafu sita zinaingia. Nimemwambia tano, ya sita iwe meza ya mita moja na nusu, chini ya dirisha.

Mwalimu amesimama mlangoni, mikono nyuma. Amesema hahitaji huruma.

"Huruma sina, Mwalimu. Nina mita. Mimi mtu akiniuliza kitabu kinahusu nini, namwonyesha ubavu. Wewe ukiulizwa, unajua. Weka meza, ila hotuba isizidi dakika tatu."

Ameomba tano. Tumekubaliana nne.

Aprili 17

Leo msichana wa chuo ameingia akauliza kama tuna cha mkulima na kisima. Mwalimu amemwambia, "Muulize mwenye duka, amekimaliza jana." Nimetumia dakika sita. Mwalimu alikuwa na saa mkononi.

Aprili 21, Jumanne

Mvua imekatika siku ya tatu leo. Hakuna kilicholowa. Narudia: sifuri.

Mwalimu ameniomba nimwambie. Amenizunguka siku nzima, mara kwa mzaha, mara kwa sauti ya ualimu. Tumeficha siri zetu wote wawili, anasema, moja zaidi ni nini? Bi Mkubwa naye kurasa zangu amezifungia kabatini, hamwazimi mtu. Nimemjibu alivyonifundisha: anayeusimulia anamwibia msomaji. Na hapa pia siandiki, nani ajuaye daftari hili litaangukia mikononi mwa nani.

Kwa hiyo anakwenda kwa kinyozi. Kila siku saa tisa, upara na yote, anakaa kwenye benchi na wengine. Kinyozi anasema asiyenyolewa hasikilizi, basi Mwalimu anatoa ndevu, kidogo kidogo. Zilikuwa zinafika kifuani. Leo amerudi zimefika kidevuni.

Nimempigia hesabu. Kinyozi yuko ukurasa wa 171, kurasa tatu kwa siku, jina liko ukurasa wa 207. Siku kumi na mbili. Ndevu, kwa kasi hii, zimebaki za siku nane.

Sijamwambia.